Dhoruba Nje, Makaa Ndani

Alhamdulillahi, nimebakishiwa akili ya kuandika na mkono wa kushika kalamu. Naandika haya kwa ajili ya kina mama, kina dada na wanaume wenye wake majumbani, hasa sisi wa Maskati tunaozungumza Kiswahili, kwa sababu jambo lililonipata mimi lilifanywa kwa mapenzi matupu. Hakuna aliyenitakia ubaya. Ndiyo maana naona kulinyamazia ni vibaya zaidi.

Jina langu Rahma. Nafanya kazi benki huko Ruwi, kwenye dirisha la wateja, na wanaonijua watakwambieni kwamba mdomo wangu haujui likizo. Kabla ya siku ile sikuwa mtu wa kuumwa. Mafua nilikuwa nikiyapita nimesimama. Kilichokuwa kikinitesa ni kimoja tu, mtoto. Mimba mbili ziliharibika, ya pili ikiwa imeshaanza kucheza, na baada ya hapo kila aliyeniuliza "bado?" nilimjibu jibu la kumfanya asirudie tena. Nilipofika kujifungua binti yetu, Sabra, mume wangu Khalfan alilia hadharani mbele ya wauguzi, mtu ambaye hata kwenye msiba wa baba yake alijikaza.

Nilikwenda kulala arubaini kwa mama yangu, kama inavyotakiwa. Nyumba yake iko Amerat, nyuma ya majabali, upande wa pili wa wadi. Wadi ukiuona siku za kawaida ni bonde kavu la mawe, watoto wanacheza mpira humo na magari yanapita. Mama, Bi Salma kwa watu wa mtaani, alizaliwa Unguja, akaletwa Oman akiwa msichana, na kazi ya kulea wazazi, yaani wanawake waliotoka kujifungua, aliirithi kwa bibi yake. Nusu ya wanawake wa kwetu waliojifungua mtaani pale wamepita mikononi mwake. Anajua kukanda, anajua kufunga tumbo, anajua mchuzi upi unaleta maziwa. Na juu ya yote anajua baridi.

"Mzazi akiingiwa na baridi, mwanangu, haitoki tena," alikuwa akiniambia kila asubuhi akinimwagia maji ya moto mpaka naomba msamaha. "Utaizeekea."

Nilikuwa nimelazwa kwenye godoro chini, chumba cha uani, Sabra ubavuni kwangu. Nilikuwa na nyuzi za kushonwa, nakaa upande upande, maziwa yananichuruzika, kichwa kimefungwa kilemba. Sikuwa na raha ya mwili lakini moyo ulikuwa na raha. Juu ya nyumba ile kuna mpangaji, Sista Nduku, muuguzi kutoka Kenya, mtu wa kanisani na mcheshi. Alipokuwa zamu ya usiku alikuwa akishuka asubuhi kumwangalia mtoto na kumpa Mama habari za hospitali.

Wageni wanadhani Oman ni joto tu. Wangekuja wakati wa munkhafadh, ndivyo watu wa hapa wanavyoiita dhoruba ya kipupwe, wakaona mbingu inavyoshuka juu ya majabali. Tangu juzi yake simu zilikuwa zinalia ujumbe wa tahadhari. Shule zilifungwa. Khalfan anafanya kazi kiwandani Rusayl, akaniaga asubuhi akasema atarudi mapema kabla wadi haujashuka maji. Nikamwambia asijaribu kuuvuka ukishashuka, na nikamkumbusha kwamba gari letu si mashua. Kila mwaka kuna mtu anayedhani maji yale ni ya magotini, na wanakuja kumwokota chini huko.

Dhoruba ilifika mchana. Kwanza upepo, ukatupa matanki ya plastiki ya majirani barabarani. Kisha mvua ya mawe, ikipiga paa la kuegeshea gari mpaka huwezi kusikia mtu anasema nini. Kisha giza, saa ambayo jua lilikuwa bado juu. Adhuhuri haikupita sana umeme ukakatika, na ile mashine ya hewa ambayo Mama alikuwa ameiweka upande wa joto ikazima ikatuacha na mvumo wa upepo.

Baridi iliingia, siwezi kusema haikuingia. Maji yalikuwa yakipenya chini ya dirisha la alumini na kuchuruzika ukutani. Mama akaja na mataulo, akaziba dirisha pembe zote. Akakunja busati akaliziba chini ya mlango. Alipoona pazia bado linatikisika akabandika gazeti kwenye ufa uliobaki. Mlango wa choo akaufunga pia, maana kule kuna kidirisha cha juu ambacho komeo lake limevunjika na hakifungiki.

Kisha akaleta seredani.

Kwa wasioijua, seredani ni jiko la makaa, na kwa wazee wetu mzazi na seredani haviachani. Siku zote Mama alikuwa akiileta kwa muda mfupi, dirisha wazi, anatia udi, ananifukiza, anaitoa. Siku ile aliyawasha makaa nje, chini ya paa la jiko la uani, akayapepea mpaka yakawa mekundu hayana moshi hata chembe. Hilo nalo ni la wazee: makaa yakishashika, moshi ukiisha, basi ubaya wake umekwisha. Akaiweka pembeni mwa godoro langu, akarushia kipande cha udi, chumba kikanukia.

"Sasa na inyeshe," akasema, akajipangusa mikono.

Ninakiri kwamba nilifurahi. Mgongo ulilegea, vidole vya miguu vikapata damu. Sabra alinyonya kidogo akalala, mashavu yamewiva. Mama akamtazama akasema mashallah, mtoto kapata joto lake, leo hatusumbui. Akatoka kwenda kutengeneza uji wa uwatu.

Sijui nililala muda gani. Nilipoamka kichwa kilikuwa kinanigonga kwenye mapanja, pande zote mbili, kama kilemba kimekazwa na mtu mwenye chuki. Nikakifungua. Hakikupungua. Nikahisi kichefuchefu, mate yamejaa mdomoni. Simu ikaita, Khalfan. Wadi umeshuka, akasema, barabara imefungwa, maji yamefika kwenye nguzo za taa, wao wako Rusayl wote na hawatoki. Nikamjibu. Nadhani nilimjibu.

"Mbona wazungumza kama mtu aliyeng'olewa jino?" akaniuliza.

"Usingizi tu."

"Mtoto?"

"Kalala."

Simu ikakatika, mtandao ukapotea, na hakukuwa na Khalfan tena mpaka siku ya pili.

Mama alipoingia na uji nikamwambia kichwa kinaniuma na nataka kutapika. Akanigusa paji la uso. Akakaa kidogo pale karibu yangu, akasema hata yeye kichwa kimeanza, ndiyo baridi hiyo, imeshatupata.

"Wacha nikuongezee makaa," akasema.

Akatoka akaleta mengine. Hapa ndipo nataka mnifuate vizuri. Kila aliporudi kutoka nje Mama alikuwa mzima, uso umelowa mvua, anazungumza, anacheka. Akikaa nasi kitambo anaanza kujishika kichwa. Akitoka, kinapoa. Sote wawili tuliliona jambo hilo na sote wawili tukalifasiri kinyume: yeye anatembea, damu inazunguka, mimi nimelala, ndiyo maana baridi imenikalia. Na dawa ya baridi ilikuwa ipo pale, inawaka.

Nikataka kutapika kweli. Nikajikokota mpaka chooni, nikashika sinki, nikautoa uji wote alioninywesha Mama na vilivyokuwa chini yake. Upepo wa kile kidirisha kibovu ulikuwa ukinipiga usoni na mvua ndani yake. Nilitetemeka mpaka meno yakagongana. Lakini niliposimama kidogo pale, nikisubiri kama kuna jingine la kutoka, kichwa kikaanza kulegea. Masikio yaliyokuwa yanavuma yakanyamaza. Nikajisemea kumbe kutapika kumenisaidia, nikarudi kwenye godoro.

Mara tu baadaye kile kichwa kikarudi, kwa nguvu zaidi. Nikamtazama Sabra. Kalala. Nikamgusa shavu kwa chuchu, kama ninavyomwamsha siku zote. Hakugeuza kichwa. Nikamkamulia maziwa mdomoni, yakatiririka shingoni. Nikamwita kwa jina. Mtoto wa siku zile ukimgusa tu shavu anafungua kinywa, hata akiwa usingizini. Huyu hakufungua.

Nikatazama makaa. Nikatazama mlango wa choo. Fikra yangu ilikuwa nzito, inakwenda inasimama, lakini ilifika. Chooni kichwa kinapoa. Hapa kinauma. Mama akitoka anapona. Akiingia anaumwa. Ni humu ndani. Ni kitu kilichomo humu ndani, na mtoto wangu hajatoka humu tangu umeme ulipokatika.

Niliita "Mama!" Mvua ikaimeza sauti. Mama alikuwa jiko la uani, kule na huku kuna ua mzima na dhoruba katikati.

Nikataka kusimama. Miguu haikuja. Sijapata kuona kitu kama kile: akili inaamrisha na miguu iko pale pale, yangu lakini si yangu. Nikajaribu tena, nikaanguka ubavu. Nikasikia nyuzi zinavutika, kisha maumivu ya kuchanika, kisha umajimaji wa moto mapajani. Damu. Wala sikuangalia. Niliikamata shali aliyofungiwa Sabra, pembe yake, nikaanza kuivuta pamoja naye juu ya zulia, huku natambaa kinyumenyume kwa viwiko. Kila nilipovuta nilipumzika. Kila nilipopumzika usingizi ulikuja, usingizi mtamu, wallahi, sitawaficha, mtamu kuliko wote niliowahi kulala. Ule utamu ndio ulionitisha. Nikajiuma mkono mpaka nikaonja damu.

Kitasa cha mlango wa choo kilikuwa juu yangu. Nilikipiga kwa kiganja, kikateleza. Nikakipiga tena. Nilipokishusha mlango ukafunguka, upepo ukatupiga, nami nikamburura mwanangu juu ya vigae vya baridi vilivyojaa maji, nikamweka kifuani, nikalala chali chini ya kidirisha, mvua inatumwagikia. Nikamfinya unyayo. Nikampulizia usoni. Hakulia. Kifua chake kilikuwa kinapanda kwa mbali, kinakaa, kinapanda.

Hivyo ndivyo Mama alivyotukuta.

"Yarabi! Rahma! Nini hiki!"

Aliangusha alichokuwa nacho. Tazameni kwa macho yake: mzazi wa arubaini na kichanga, wamelala sakafuni chooni, damu, maji ya mvua, upepo wa munkhafadh. Kwake yeye kilikuwa kifo kilichokamilika. Akamchukua Sabra kifuani kwangu, akageuka kumrudisha chumbani, kwenye joto, kando ya seredani.

Sikuwa na nguvu ya kusimama. Nilikuwa na nguvu ya vidole tu, nikaushika upindo wa kanga yake.

"Nje," nikasema. "Mtoto nje."

"Nje kuna mvua, mwanangu! Niachie! Baridi itawaua!"

"Makaa. Makaa yatuua."

"Makaa gani ya kukuua, umepandwa na nini? Bibi yako kalea wazazi kwa makaa, mie nimekulea weye kwa makaa! Niachie, Rahma!"

Alikuwa analia. Alijaribu kuvua kanga ile aniachie mkononi, maana Mama si mtu wa kushindwa na kitambaa. Na mimi, mtu wa mdomo, mjuzi wa kujibu, sikuwa na neno. Ulimi ulikuwa mzito kama nimeng'atwa na nyuki. Basi nikalia. Nililia kwa sauti yote iliyobaki, kama mtoto mdogo anavyolia sokoni.

Na hilo ndilo lililotuokoa, kwa sababu kwetu mzazi halizwi. Mzazi hapingwi, hakasirishwi, hapewi habari mbaya. Akitaka kitu cha kipuuzi anapewa, ili maziwa yake yasiharibike. Mama ameshika sheria hiyo kwa wazazi wa mtaa mzima. Amepata kumtoa mume wa mtu nyumbani kwa sababu kamliza mkewe. Nikaona uso wake unagombana na nafsi yake.

"Haya," akasema. "Haya, basi. Usilie. Usilie, mama. Nampeleka nje. Huyo, nampeleka."

Hakuniamini. Alinitii tu. Akalivuta busati, akafungua mlango, akatoka na mtoto chini ya paa la kuegeshea gari, na kule nje akaanza kupiga kelele kwa Sista Nduku, maana alipomtazama Sabra kwenye mwanga aliona alichokuwa hakukiona kwenye giza la chumba.

Nduku hakuwa zamu, barabara ikiwa imefungwa. Alishuka ngazi pekupeku. Nilimsikia kabla sijamwona.

"Mko na jiko humo ndani? Bi Salma, mmewasha makaa ndani?" Kisha, akiwa ameshaingia na kufungua dirisha kwa teke: "Haki ya Mungu! Huko kwetu kila msimu wa baridi tunazika watu na hii maneno ya jiko!"

Aliitoa seredani akaimwaga kwenye mvua, ikapiga kelele. Alinivuta mimi kwa makwapa mpaka nje, akanilaza ubavu. Akamchukua Sabra, akamlaza mapajani, akaweka mdomo wake juu ya pua na mdomo wa mwanangu, akampulizia kidogokidogo. Mama alikuwa amekaa kwenye saruji iliyolowa. Nduku akapuliza, akatazama, akapuliza. Sabra akakohoa. Kisha akatoa sauti ndogo, nyembamba, haikuwa kilio sawasawa. Nimesikia adhana ya sikio lake la kulia siku aliyozaliwa na sikutetemeka kama nilivyotetemeka kwa sauti ile.

Watu wa uokoaji walipigiwa simu kwa namba ya Nduku, ndiyo pekee iliyokuwa na mtandao. Wakasema wako ng'ambo ya wadi, wanasubiri maji yapungue. Basi tukasubiri. Tumekaa nje, dhoruba inatupiga ubavu, Sabra ndani ya nguo ya Nduku, ngozi kwa ngozi, blanketi tatu juu, uso tu umeachwa kwenye hewa. Kila akinyamaza Nduku anamchezea unyayo. Mimi natapika pembeni. Nilimwomba Mungu maji yale yashuke kuliko nilivyopata kumwomba chochote. Watu wanaziogopa dhoruba kwa kinachoonekana, maji na upepo. Sisi maji hayakuingia hata sebuleni. Yalitufungia njia tu, mengine tukayafanya wenyewe.

Walifika na lori refu la magurudumu makubwa, magharibi inaingia. Tulivuka wadi maji yakipiga mlango. Nilifunikwa barakoa ya oksijeni, na Sabra akashikiwa kikombe kidogo cha plastiki puani. Hospitali walitutenganisha. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko kuchanika. Nilishonwa upya huku nauliza mtoto yuko wapi, na nikijibiwa nasahau nimejibiwa, nauliza tena.

Daktari wa watoto alikuwa mwanamke wa kwetu, wazee wake wa Pemba. Alikuja asubuhi, akakaa kitandani pangu, Mama amesimama kando ameshika ukuta.

"Makaa yakiungua pahala palipozibwa yanatoa sumu," akasema. "Haina harufu, haina rangi, wala haihitaji moshi. Ule udi haukuificha, maana hakuna cha kuficha. Damu inaikumbatia sumu ile, inaiacha hewa. Kichwa, kichefuchefu, miguu kulegea, yote ni hayo."

"Na sisi Unguja tulifanya hivi hivi miaka yote," Mama akasema kwa sauti ya chini. "Mbona hatukufa?"

"Bibi, nyumba za Unguja dari iko juu huko, madirisha ya mbao, hewa inapita hata ukifunga. Hizi zetu ni vioo na alumini, zimejengwa zisitoe hewa ya kiyoyozi. Nawe ukaziba na mataulo. Makaa ni yale yale, nyumba siyo."

Nikauliza nililotaka kuuliza tangu usiku. Sabra atakuwa mzima?

Daktari hakunidanganya, namshukuru kwa hilo. "Anapumua mwenyewe, ananyonya. Lakini ubongo wake ulikosa hewa, na kwa umri huu hatuwezi kujua. Tutajua kadiri anavyokua. Atafuata kitu kwa macho? Atageukia sauti? Atakaa kwa wakati wake? Mlete kila nitakapokuita."

Miezi iliyofuata ndiyo ugonjwa wenyewe, ingawa watu wanadhani ukitoka hospitali yamekwisha. Mimi nilisahau. Nilisahau namba ya siri ya kadi yangu, mimi mtu wa benki. Nilitia chumvi kwenye chai. Nilikuwa nikitafuta neno dogo kama "kijiko" na haliji, nakaa nalia jikoni. Mkono wa kulia ulitetemeka mpaka nikashindwa kufunga vifungo vya mtoto. Yote yalipungua taratibu, na mdomo wangu ulirudi mwisho kabisa, Khalfan anasema alikuwa anafaidi ukimya. Mwongo. Ndiye aliyekuwa akiamka kusikiliza kama tunapumua.

Na tulimchungulia Sabra mchana kutwa. Tunapiga makofi nyuma yake. Tunapitisha tasbihi mbele ya macho yake. Akichelewa kugeuka tunarudia.

Mama hakumgusa. Alipika, alifua nguo za mtoto, alinikanda mimi dirisha likiwa wazi, lakini ukimwambia "mshike mara moja" anasema mikono ina vitunguu. Siku moja nikamkabili.

"Mama, mikono gani hii isiyokwisha vitunguu?"

"Mikono hii ndiyo iliyompelekea makaa," akasema. "Usinipe. Nna khofu nayo."

Alikuja nasi hospitali kila mara, anakaa nje ya mlango. Mara ya mwisho Sabra alikuwa ameshaanza kukaa mwenyewe. Daktari alimpigia njuga upande huu, akageuka. Upande ule, akageuka. Akamwekea kijiko mbele, akakinyakua akakitia mdomoni, akakitupa, akatucheka. Daktari akaandika, akafunga faili, akasema hana haja ya kutuona tena isipokuwa kwa chanjo. Khalfan akasimama akakaa, akasimama tena. Mimi nikatoka nje na mtoto. Mama akaninyanyukia, akanitazama usoni. Nikamwambia, "Mzima." Hapo akanyoosha mikono yote miwili, akamchukua, akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika.

Basi ushauri wangu ni mfupi. Dhoruba ikija, zibeni maji lakini msizibe hewa. Moto wa makaa ukae nje, uwe na moshi au usiwe nao. Mzazi na mpewe nguo, blanketi, chupa za maji ya moto, na miili ya watu wanaompenda. Wakiumwa kichwa watu wawili ndani ya chumba kimoja, tokeni nje kwanza, mengine mtayajadili huko. Na mtoto akilala vizuri kupita kawaida, mwamsheni. Namshukuru Mungu, namshukuru Nduku, nawashukuru watu wa lile lori, ambao hata majina yao sikuwauliza.

Msimu huu wa baridi wifi yangu amejifungua, na Mama akaitwa kumlea. Alikataa, tukambembeleza, akaenda. Munkhafadh ukaja, umeme ukakatika kama kawaida yake. Nilipofika kwao nilikuta chumba cha mzazi dirisha limeachwa wazi kiasi cha mkono, pazia limelowa, wifi yangu amefungwa mablanketi mpaka puani, na mama mkwe wangu amesimama mlangoni ameshika seredani inayowaka, anafoka.

"Bi Salma, wamtia mzazi baridi!"

Mama alikuwa ameziba mlango kwa mwili wake.

"Baridi nna dawa yake," akamwambia. "Hiyo uliyoishika, yake sina. Irudishe nje."